Ramani ya ziwa Edouard: programu gani inajibu swali gani?

Kule Vitshumbi maneno mengi yanaishia kwenye ramani. Mvuvi akikamatwa, swali la kwanza ni: mtumbwi wake ulikuwa wapi? Mkulima akiambiwa shamba lake liko ndani ya mbuga, swali ni lile lile: mpaka unapita wapi? Kipindupindu kikianza, watu wa zoni ya afya wanataka kujua wagonjwa wanatoka avenue gani na wanachota maji fashi gani. Na mara nyingi yule anayefika kwenye mkutano na karatasi ya rangi iliyotoka kwenye mashini ndiye anayesikilizwa. Wengine wanabaki na maneno ya mdomo tu.

Karatasi ile haikushuka mbinguni. Kuna mtu aliyeitengeneza, kwa programu fulani, kwa data fulani. Programu za ramani ziko nyingi sasa, nyingine za bure, nyingine za makuta mengi, na hazifanyi kazi moja. Kuna za kuangalia, kuna za kukusanya, kuna za kuchora, kuna za kuhesabu. Mtu akichukua ya kuangalia akaitumia kuhesabu, au akachora rangi nzuri akafikiri amethibitisha kitu, hapo ndipo fujo inaanza.

Vitshumbi yenyewe ni fashi nzuri ya kuelewa jambo hili. Iko kusini ya ziwa, teritware ya Rutshuru, na imezungukwa na Mbuga ya Virunga, ile iliyoundwa mwaka 1925 na kuingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979. Ni moja ya pesheri tatu zinazotambuliwa upande wa Kongo, pamoja na Nyakakoma na Kyavinyonge. Ziwa lina karibu kilometa za mraba 2,300, na kama sehemu saba kwa kumi ziko Kongo, zingine Uganda. Mpaka unapita majini, na kwenye maji mtu haoni jiwe wala ukuta. Mwezi wa saba 2018 askari wa Kongo na wa Uganda walipigana juu ya ziwa hili na watu wakafa. Kwa hiyo mtu akisema hapa "ramani inaonyesha", ni maneno mazito.

Kuangalia siyo kupima

Programu ambayo wengi wanaijua ni Google Earth. Ile ya kompyuta, inayoitwa Google Earth Pro, imekuwa ya bure tangu 2015. Unafungua, unaandika Vitshumbi, na unaona mapaa ya mabati, barabara inayotoka Rwindi, ufuko na mitumbwi. Kitu chake cha nguvu zaidi wengi hawakijui: kuna saa ndogo juu ya dirisha inayorudisha picha za miaka ya nyuma. Mtu anaweza kuona namna kijiji kilivyopanuka, au maji yalifika wapi mwaka fulani. Inaweza pia kupima umbali na kuweka alama zako mwenyewe.

Lakini picha ile haikupigwa leo. Vijijini kama kwetu inaweza kuwa ya mwaka jana au ya miaka mitano iliyopita, na picha mbili zilizo karibu karibu zinaweza kuwa za miaka tofauti. Tarehe imeandikwa chini, kwa herufi ndogo, na ndiyo kitu cha kwanza cha kuangalia. Mtu akileta picha ya Google Earth kusema "hawa watu wamejenga juzi", muulize tarehe. Na mistari ya mipaka iliyo ndani yake siyo mistari ya sheria. Ni mistari ya kusaidia macho. Mpaka wa mbuga uko kwenye maandiko ya serikali, yenye majina ya mito, vilima na vijia, na kuyahamishia kwenye mashini ni kazi inayoweza kukosewa.

OpenStreetMap ni jambo ingine. Ilianza Uingereza mwaka 2004, na ni ramani inayoandikwa na watu wenyewe: mtu yeyote anaweza kuingiza njia, shule, kisima, nyumba. Kule Goma, Nyiragongo ilipotema moto tarehe 22 mwezi wa tano 2021, watu wa kujitolea, wa hapa na wa mbali, walitumia ramani ya namna hii kuonyesha barabara na mitaa. Uzuri wake kwa Vitshumbi ni kwamba inaingia kwenye telefone na kufanya kazi bila mega. Programu kama OsmAnd au Organic Maps zinashusha ramani mara moja tu, kisha GPS ya telefone inakuonyesha ulipo hata katikati ya ziwa pasipo na mtandao. Ubaya wake ni ule ule wa kila kazi ya mikono ya wengi: fashi ambayo hakuna aliyeipita inabaki nyeupe, na weupe ule hausemi kwamba hakuna watu.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya jina ambalo kila Mswahili analielewa. Ushahidi, programu ya kupokea habari za matukio na kuziweka kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwaka 2008 wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, na mwaka huo huo ikatumiwa kwa vita ya Kivu. Ilifundisha kitu kimoja: SMS moja ya mwanamke wa kijijini inaweza kuwa alama kwenye ramani sawa na ripoti ya mkubwa. Leo kazi ya kukusanya inafanywa zaidi na KoboToolbox, ile ambayo wachunguzi wengi wa mashirika huku Kivu wanabeba kwenye telefone zao. Kobo inauliza maswali na inashika GPS. Ramani yake ni ya kuchungulia tu, kuona kama alama zimeangukia fashi zinazoeleweka.

Mashini ya fundi

Kazi yenyewe ya ramani inafanyika kwenye programu za aina ya QGIS na ArcGIS. ArcGIS inatoka kampuni ya Esri ya Kalifornia, iliyoanzishwa 1969. Iko na nguvu, iko na msaada, na inalipishwa. QGIS ilianzishwa na Mmarekani Gary Sherman mwaka 2002, na ni ya bure kabisa, mtu anaweza kuishusha, kuigawa, kuiweka kwenye mashini kumi. Iko kwa Kifaransa pia. Kwa kazi ambazo kijiji, zoni ya afya au kamati ya wavuvi inaweza kuhitaji, QGIS inatosha na inabaki. Hakuna sababu ya kamati ndogo kutafuta leseni ya ArcGIS, au kutumia ile ya kuiba ambayo siku moja inafunga na kazi yote ndani.

QGIS inafanya kazi kwa tabaka, sawa mwanamke anavyopanga vitenge: chini ziwa, juu yake mpaka wa mbuga, juu tena barabara, kisha nyumba, kisha wagonjwa. Inaweza kukuambia nyumba ngapi ziko chini ya mita 200 kutoka ufuko. Inaweza kuunganisha ramani na meza ya Excel. Na ni hapo kwenye kuunganisha ndipo data za huku zinavunjika.

Chukua jina lenyewe. Kwenye karatasi moja utaona Vitshumbi, kwenye ingine Vitchumbi, kwenye ingine Vichumbi. Kyavinyonge inaandikwa pia Kiavinyonge. Binadamu anaelewa ni kijiji kimoja. Mashini haielewi: inatafuta herufi kwa herufi, isipoona, inaacha fashi ile bila namba. Kwenye ramani Vitshumbi inatoka nyeupe, na mkubwa wa Kinshasa anasoma kwamba Vitshumbi hakuna mgonjwa. Ziwa nalo liko na majina: Edouard kwetu, Edward upande wa Uganda, Rutanzige kwa wenyeji wengi, na kwenye ramani za miaka ya 1970 linaitwa Idi Amin. Dawa ni kutumia namba ya siri ya kila kijiji, ile kodi ambayo haibadiliki, siyo jina.

Kosa lingine ni dogo zaidi, alama moja tu. Mstari wa ekweta unapita jimbo letu, katikati ya Lubero na Butembo. Vitshumbi iko kusini yake, karibu digrii 0.69, kwa hiyo mbele ya namba inatakiwa kuwekwa alama ya kutoa. Aliyeandika kwenye kitabu akiisahau, kijiji kinaruka karibu kilometa 150 kwenda kaskazini na kuangukia msituni upande wa Oicha, teritware ya Beni. Mashini haitalalamika. Kwenye inchi ambayo ekweta iko mbali, kosa hilo lingepeleka kijiji bara lingine na kila mtu angecheka. Huku kinaangukia fashi ambayo nayo inajulikana kwa vita, na hakuna anayeshtuka.

GeoDa, na swali la jirani

Sasa tufike kwenye programu ambayo haijulikani sana na ambayo ingestahili kujulikana. GeoDa ilitolewa mwaka 2003 na timu ya Luc Anselin, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani aliyezaliwa Ubelgiji. Ni ya bure, ni nyepesi, inafanya kazi kwenye mashini ya zamani bila intaneti. Haikutengenezwa kuchora ramani ya kutundika ukutani, na kwa kweli ramani zake hazivutii. Ilitengenezwa kwa kuchunguza.

Namna yake ni hii: unafungua madirisha mawili, moja la ramani, lingine la mchoro wa namba. Ukichagua vijiji vyenye namba kubwa kwenye mchoro, vinawaka papo hapo kwenye ramani. Ukizungushia fashi kwenye ramani, zinawaka kwenye mchoro. Mtu anacheza hivyo, anauliza: hivi vijiji vyenye kuhara vingi, je, vyote viko ufukoni? Vile visivyo na ugonjwa, vina nini ambacho vingine havina? Ni kazi ile ile ambayo daktari John Snow alifanya London mwaka 1854 kwa kalamu na karatasi, alipoweka alama za waliokufa kwa kipindupindu na kuona wanazunguka pampu moja ya maji.

Swali ambalo GeoDa inajibu na macho hayawezi ni la jirani. Ukitupa mahindi chini, mengine yataanguka pamoja bila mtu kuyapanga. Ramani ya ugonjwa iko hivyo pia: jicho linaona kundi, lakini kundi linaweza kuwa la bahati tu. Hesabu ya Patrick Moran wa Australia, ya mwaka 1950, inapima kama jirani wanafanana kupita kiasi cha bahati. Anselin mwaka 1995 akaongeza hesabu ya kuonyesha kundi lenyewe liko fashi gani. GeoDa inachanganya data ovyo mara 999, kisha inaangalia: je, ramani ya kweli inatofautiana na hizi za bahati? Ikiwa haitofautiani, mtu anyamaze kwanza kabla ya kusema kijiji fulani ndicho chanzo.

Lakini nani ni jirani wa nani? Mashini inataka uiambie. Ukichagua jirani kwa kugusana mipaka, Vitshumbi inakuwa jirani wa nyika na viboko. Ukichagua kwa umbali wa mstari ulionyooka, Nyakakoma ni karibu. Ukichagua kwa barabara, ni safari. Na ukichagua namna watu wanavyotembea kweli, Kyavinyonge iliyo kaskazini ni jirani mkubwa wa Vitshumbi, juu mitumbwi, samaki na familia vinapita majini. Kipindupindu hakisomi mipaka ya teritware. GeoDa inakuruhusu kuandika jirani kwa mkono, mmoja mmoja. Hiyo ni kazi ambayo mvuvi mzee anaweza kufanya vizuri kuliko fundi wa Goma.

Kuna mtego mwingine, wa rangi. Kivu ya Kaskazini ina zoni za afya 34, na ndani yake maeneo ya afya. Fashi kama Vitshumbi watu wote wamesongamana kando ya maji, lakini eneo linalochorwa kwenye ramani linaweza kubeba pia nyika tupu ya mbuga. Ukilipaka rangi nyekundu, msomaji anaona nyekundu kubwa sana, na mtaa wa Goma wenye maelfu ya watu unaonekana kama punje. Jicho linahesabu ukubwa wa ardhi, haliwezi kuhesabu watu. GeoDa inaweza kuvimbisha au kupunguza kila eneo kuwa duara la ukubwa wa idadi ya watu, na mara moja picha inageuka.

Idadi yenyewe ya watu ni jeraha la zamani. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa Kongo yote ilifanywa mwaka 1984. Kila asilimia inayotangazwa leo inagawanywa kwa makadirio, na huku, ambako watu wanakimbia na kurudi, makadirio yanaweza kuwa mbali sana. Wagonjwa 20 kwa kijiji kinachodhaniwa kuwa na watu 5,000, kumbe wamejaa 15,000 juu ya wakimbizi: namba ile inaonyesha hatari mara tatu ya ile ya kweli. Hakuna programu inayoponya hiyo, ya bure wala ya kulipa.

Ramani ya mahali askari wanapita

Walinzi wa mbuga katika inchi nyingi wanatumia SMART, programu ya kuandika doria: walipita wapi, waliona nini, walikamata nini. Kabla yake kulikuwa MIST, iliyoanzia Uganda. Ni chombo kizuri, kinaonyesha kazi ya kila siku na kinaacha alama.

Ila data za doria ziko na tabia yake. Alama ya wavu haramu inaandikwa fashi ambapo mlinzi alipita. Ambapo hakupita, juu ya mafuta kukosekana au juu ya usalama, hakuna alama. Kisha mtu anaiweka kwenye QGIS, anabonyeza kifungo cha ramani ya joto, na doa jekundu linatokea mbele ya Vitshumbi. Je, ni wavuvi haramu wengi, au ni doria nyingi? Ramani ya joto haiwezi kutofautisha. Inabidi kugawanya: alama ngapi kwa kila saa ya doria, au kwa kila kilometa. SMART inashika njia za doria, kwa hiyo hesabu inawezekana. Kama mtu analeta ramani ya joto bila kuigawanya, wavuvi wana haki kabisa ya kuuliza ramani ya njia za doria nayo iletwe mezani. Hapo haisaidii kubishana juu ya rangi.

Jambo hili linagusa samaki pia. Mazalio ya samaki, zile ghuba na midomo ya mito ambamo uvuvi unakatazwa, yanalindwa juu ya mantiki nzuri: samaki wadogo wakimalizwa, pesheri yote inakufa. Viboko wenyewe, ambao kinyesi chao kinarutubisha maji, walikuwa zaidi ya 20,000 ndani ya Virunga miaka ya 1970, na katikati ya miaka ya 2000 hesabu za ndege zikakuta chini ya 1,000. Lakini zalio likichorwa ofisini kwa mstari mnyoofu na mvuvi hajawahi kuona mstari ule kwenye telefone yake, atavuka tu. Kuugeuza kuwa faili ya kuweka ndani ya OsmAnd ni kazi ya dakika chache.

Juu angani na kwenye mistari ya kodi

Kwa maswali ya ziwa lenyewe, kupanda na kushuka kwa maji, setilaiti ni bora kuliko kumbukumbu. Landsat za Marekani zinatoa picha zenye pikseli za mita 30 tangu miaka ya 1980. Sentinel-2 za Ulaya, tangu 2015, mita 10. Zote za bure. Mwaka 2016 kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya pamoja na Google walitoa ramani ya maji ya dunia nzima kuanzia 1984, na mtu anaweza kuangalia ufuko wa Vitshumbi mwezi baada ya mwezi. Google Earth Engine inakuwezesha kufanya hesabu zako mwenyewe kwenye picha hizo bila kuzishusha, lakini inataka intaneti isiyokatika, na huko pesheri hiyo ni kama kuomba theluji. Tena mawingu: msimu wa mvua picha nyingi ni pamba tupu. Na pikseli ya mita 10 haioni mtumbwi mdogo, kwa hiyo anayesema amehesabu mitumbwi kwa Sentinel-2 aulizwe vizuri.

Programu ya R, iliyozaliwa Auckland huko New Zealand miaka ya 1990, inafanya yote ya GeoDa na zaidi, kwa kuandika amri badala ya kubonyeza. Ni ngumu kuanza. Faida yake ni kwamba amri zinabaki zimeandikwa, na mtu mwingine anaweza kurudia hesabu nzima kuona kama uliongopa. Kwa mwanafunzi wa chuo cha Goma au Butembo, hiyo ni shule ya kweli. Kwa kamati ya kijiji, hapana.

Jambo la usalama halitakiwi kusahauliwa. Tangu vita ilipofika Vitshumbi mwanzoni mwa 2024, alama ya GPS siyo kitu cha kuchezea. Nyumba ya kiongozi, ghala la samaki, njia ya mtumbwi wa usiku: yule anayeshika telefone kwenye kizuizi anaweza kusoma yote. Anayekusanya data apeleke fomu kisha azifute kwenye telefone, na ramani ya kutoa nje ionyeshe avenue au kijiji, siyo mlango wa mtu. KoboToolbox, QGIS na GeoDa vyote vinaweza kufanya kazi kwa kijiji kizima badala ya nyumba moja.

Kamati inayotaka kuanza inahitaji mashini moja yenye RAM ya giga 8, sahani ya jua, na USB mbili. QGIS na GeoDa zishushwe Goma au Butembo, pamoja na ramani ya OpenStreetMap ya jimbo, kisha zipandishwe na kuwekwa bila intaneti. Kitu cha kwanza cha kuandika ni meza moja yenye vijiji vya ziwa vyote, kodi ya kila kimoja, namna zote jina linavyoandikwa, na digrii zake, alama ya kutoa ikiwa mbele.